Anselmo ni wa Ngapi

Oxbow, Iowa
23 Aprili 1989

Kwa Bi Eduvigis Polanco,

Hunijui, lakini mwanao analala chumba cha juu nyumbani kwangu na anamaliza mayai yangu, kwa hiyo nimeona tujuane. Naitwa Hortensia Haugen. Hilo la Haugen ni la marehemu mume wangu, mtu wa huku. Mimi nimezaliwa Texas kwa wazazi wa Mexico, ndiyo maana naweza kukuandikia kwa lugha yako bila kutafuta mkalimani. Kila mwaka klabu ya hapa inaomba nyumba za kuwaweka vijana wake wa besiboli, maana wanacholipwa hakitoshi kupanga hata banda la kuku. Mimi nimewapokea miaka na miaka.

Anselmo amenionyesha barua anazowaandikia. Mistari mitatu: niko salama, nakula vizuri, niombeeni. Nikamwambia hii si barua, hii ni telegramu ya mtu bahili. Akacheka, akasema hata baba yake analalamika hivyohivyo. Basi nimejitolea kuwapa habari kamili, mradi mnijibu.

Gazeti la besiboli limetoa orodha. Nyinyi mnajua mambo haya yalivyo: klabu kubwa ina vijana zaidi ya mia, wametawanywa kwenye timu ndogondogo kama hii yetu, na waandishi wanawapanga, kuanzia wa kwanza hadi wa thelathini, nani ana dalili ya kufika ligi kuu na nani anamfuata. Aliye nje ya thelathini hakuna anayemuuliza ameamkaje. Anselmo ni wa kumi na mbili. Leocadio Mota, yule rafiki yake wa mtaani kwenu anayekaa kwa mchungaji hapa jirani, ni wa tisa.

Mimi nina orodha yangu ninayoipanga jikoni. Anayeondoa sahani yake mezani bila kusukumwa anapanda. Anayeacha taulo bichi kitandani anashuka. Kwa orodha hiyo mwanao ni wa kwanza. Leocadio alikuja chakula cha Jumapili, akala nyama ya watu watatu, akasahau kuaga. Hayumo.

Wako,
Hortensia Haugen


Placer Bonito, San Pedro de Macorís
8 Mei 1989

Mama Hortensia mpendwa,

Barua yako imesomwa hapa mara nne, na mara ya nne majirani walikuwa wameshakaa barazani. Nakushukuru kwa chumba, kwa mayai na kwa jicho lako juu ya mtoto wangu. Simu ya duka la Chicho bado imekufa, kwa hiyo karatasi ndiyo inatuunganisha.

Mume wangu Nereo miguu imemvimba, haendi mbali siku hizi. Alipima miwa kwenye mzani wa kiwanda cha sukari tangu ujana wake, sasa anajiona anaweza kupima kila kitu chini ya jua. Amekataa nifunge bahasha kabla hajasema yake. Macho yake hayaoni maandishi, kwa hiyo nayaweka hapa chini kama anavyoyatamka.

Eduvigis

Maneno ya Nereo: Huyo mwandishi aliyemweka Leocadio juu ya mwanangu apelekwe kwa daktari wa macho. Leocadio namjua tangu anatembea uchi mtaani. Ana nguvu, sikatai. Lakini anarusha mpira kama mtu anayemtupia mbwa jiwe, akimpata ni bahati yake na ni bahati mbaya ya mbwa. Mwanangu anatumia kushoto, na mpira wake ukimfikia mpigaji unaanguka ghafla, kama umekumbuka kitu ulichosahau nyumbani. Hicho hakipimwi na mashine. Sasa sikia, mama. Kila ukiandika, nipe namba. Namba yenyewe. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nimepima mizigo ya watu waliokuwa wakificha mawe ndani ya miwa.


Oxbow
4 Juni 1989

Bi Eduvigis, na wewe Mzee Nereo uliyekaa hapo unasikiliza,

Mzee, umetaka ukweli, basi shika kiti. Orodha mpya itatoka mwisho wa mwezi, lakini kwa macho yangu Anselmo anashuka. Wiki jana waliipiga mipira yake mpaka nikafunika uso kwa mkoba. Ule mpira wako unaokumbuka kitu nyumbani, siku hizi haukumbuki. Unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye gongo la mpigaji. Usiku anaweka barafu kwenye kiwiko na kuniambia ni joto tu. Wale wastaafu wanaokaa nyuma ya wavu, wanaobishana kila siku nani awe juu ya nani, wameacha kulitaja jina lake.

Leocadio amepandishwa timu ya juu, Tennessee. Aliondoka na sanduku la mchungaji. Usitegemee atawaandikia habari, yule hata kusaini mpira anapigana na kalamu.

Lakini Anselmo ana miaka ishirini. Mkono ukipona, kesho ni siku nyingine. Jana alinitengenezea ndizi za kuponda, akazichoma, tukazila hivyohivyo.

Hortensia


Placer Bonito
18 Juni 1989

Mama Hortensia,

Hii ni yako peke yako. Nimeiandika Nereo akiwa amelala.

Barua yako nilimsomea yote, neno kwa neno, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Nimejuta. Aligeukia ukutani na hakula siku ile wala ya pili. Daktari anasema moyo umechoka, na maji yamepanda mpaka kwenye mapafu. Asubuhi hataki nimpe dawa kabla hajauliza kama posta imepita.

Tafadhali Anselmo asijue hali ilivyo. Mwambie miguu tu. Akijua atafungasha, na kijana anayeondoka katikati ya msimu wanamfuta. Mtoto wa dada yake Chicho alirudi kumzika mama yake, na alipofika tena huko akakuta jina la mtu mwingine kwenye kabati lake. Hapa mtaani hilo kila mama analijua.

Orodha ikitoka na ikiwa nzuri, iandike kwa herufi kubwa nimwonyeshe, herufi kubwa anaziona. Ikiwa mbaya, usiwe na haraka ya kuandika.

Nisamehe kwa kukuomba hivi.

Eduvigis


Jikoni
30 Juni

Mama Hortensia,

Nimeiweka karatasi hii chini ya kikaango kwa sababu nikikwambia kwa mdomo nitalia, wewe utalia, na chakula kitaungua.

Jana baada ya mechi waliniita ofisini. Wameniacha. Kocha alikuwa anaongea huku anaangalia viatu vyake. Orodha nayo imetoka na simo. Nimeisoma toka juu mpaka chini, halafu toka chini mpaka juu. Leocadio ni wa nne.

Tiketi ya ndege wamenipa, naweza kuitumia siku yoyote mpaka Septemba. Nimeitia kwenye droo ya mataulo. Lakini siwezi kurudi sasa. Nitamwambia nini Mzee? Mama anasema miguu imemvimba, na akiwa hivyo kila kitu kinamuuma mara mbili. Bwana Lindqvist anatafuta watu wa kung'oa mbelewele, yale maua ya kileleni, kwenye mahindi yake ya mbegu. Niache nikae mpaka msimu uishe. Ukiisha wote wanarudi makwao, na mimi nitarudi kama wao.

Ukiandika nyumbani mpe Mzee namba. Yoyote, mradi impite Leocadio.

Anselmo


Oxbow
2 Julai 1989

Bi Eduvigis,

Mwonyeshe Mzee hapa:

ANSELMO NI WA SITA.

Leocadio ni wa nane. Kiwiko kimepoa, mpira unaanguka tena. Juzi wapigaji walikuwa wanageuka kumwangalia mwamuzi kama watoto walionyang'anywa pipi. Wale wazee wa nyuma ya wavu sasa wanasema walijua tangu mwanzo, waongo wakubwa.

Mwambie Mzee ale.

Hortensia


Placer Bonito
27 Julai 1989

Mama Hortensia mpendwa,

Barua yako ilifika salama na ilisomwa. Tunashukuru Mungu. Hapa jua ni kali na mvua haijanyesha. Mimi ni mzima. Mwambie Anselmo asiwe na wasiwasi na sisi, aujali mchezo wake tu.

Eduvigis

Maneno ya Nereo: Nimefurahi sana. Anselmo aendelee vizuri na amtii kocha. Je, mwaka huu amepiga mipira mingapi mpaka nje ya uwanja? Mungu ambariki.


Oxbow
12 Agosti 1989

Bi Eduvigis,

Nilimpa Anselmo barua aisome mwenyewe pale mezani. Alipofika kwenye maneno ya baba yake akasimama, akayarudia. Kwenye ligi hii mrushaji hashiki gongo kabisa, kuna mtu anapiga badala yake, na Mzee analijua hilo kuliko mimi na wewe. "Mzee ana homa," akasema, akacheka. Halafu akatoka kukaa kwenye ngazi za nyuma, na nilipompelekea kahawa ikapoa mkononi mwake. "Hajamtukana mtu hata mmoja, Mama Hortensia," akaniambia. "Barua nzima hajamtukana mtu."

Niambie mimi, mwanamke kwa mwanamke. Amezidiwa?

Mwanao anaendelea. Jumanne alirusha vipindi saba, na umati ulisimama. Rangi imemkolea kwa jua, mikono imejaa mikwaruzo. Anahesabu siku za msimu kuisha, na mimi pia nazihesabu. Bado ni wa sita.

Hortensia


Placer Bonito
1 Septemba 1989

Mama Hortensia,

Msimu unaisha wiki hii, kwa hiyo sasa naweza kusema. Nakuomba umketishe Anselmo kabla hajapanda ndege, asije akaingia hapa na furaha yake.

Nereo amefariki. Alifariki tarehe kumi na sita Julai, alfajiri, na tulimzika kesho yake. Yale maneno ya mwisho niliyokuletea si yake, ni yangu. Nilikaa mezani kutwa nzima natafuta atakachosema. Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na mbili akiongea besiboli, na siku ya kumsemea nikaona sikuwahi kumsikiliza. Niliuliza tu lile ninalosikia watu wakiuliza dukani.

Nataka ujue jinsi ilivyokuwa, ili umwambie mwanangu kwa utaratibu. Tarehe kumi na tatu Julai daktari alinivuta pembeni, akaniambia kama kuna mtoto mbali, aitwe. Niliamua kumwita. Nilisema wamfute huko wakitaka, baba ni mmoja. Siku hiyo nilishavaa viatu vya kwendea mjini, kwenye simu, na Mama Leocadio alikuwa amekuja kukaa na mgonjwa. Mtu wa posta akanikuta mlangoni na barua yako.

Nilirudi ndani nikamwonyesha. Zile herufi alizisoma mwenyewe, kwa kidole. Akauliza, "Na Leocadio?" Nikamwambia wa nane. Alicheka mpaka akakohoa, na Mama Leocadio palepale akacheka naye, kwa upendo tu. Halafu akaviona viatu vyangu. "Unakwenda wapi?" Nikamwambia. Akanishika mkono, Mama Hortensia, kwa nguvu nisizojua alizipata wapi. "Usithubutu," akasema. "Wa sita haitwi nyumbani. Niapie." Nikamwapia, na Mama Leocadio akaapa kwamba wa kwake pia hataambiwa.

Aliishi siku tatu baada ya hapo. Kila aliyekuja kumwona, Nereo alimpa namba kabla ya salamu. Alikufa ametulia, mwambie hivyo. Barua yako ndiyo iliyomtuliza. Mungu akulipe.

Eduvigis


Oxbow
3 Septemba 1989

Bi Eduvigis,

Anselmo ameondoka asubuhi hii. Nimemsindikiza mpaka kituo cha basi la kwenda uwanja wa ndege, na sasa nimekaa mezani na jambo ambalo nilipaswa kukuandikia tangu kiangazi kianze.

Hakuwa wa sita. Hakuwa wa namba yoyote. Walimwacha mwezi wa sita ukiwa unaisha, mkono umekwisha, na tangu siku hiyo alikuwa anang'oa mbelewele kwenye mashamba ya mahindi, alfajiri mpaka jioni, akirudi na mikono imechanwa na majani. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa kwenye droo ya mataulo yangu muda wote huo. Aliniomba nisiseme, nawe uliniandikia Mzee habari mbaya haziwezi, nikaona uongo huu mdogo hautamdhuru mtu. Zile mechi zote nilizitunga mimi. Nilikuwa nakaa hapa na kalamu nampangia wapigaji wa kushindwa naye.

Mwambie Mzee polepole, au usimwambie kabisa, wewe unamjua. Anselmo amesema atamwambia mwenyewe, siku ya pili au ya tatu, wakiwa wamekaa. Amemnunulia redio kubwa kwa pesa za mahindi, ili asikie mechi za msimu wa baridi za huko kwenu bila kwenda kwa Chicho. Amekataa kuipakia kwenye mizigo, anaibeba mapajani. Nilimuuliza ataanzaje kumwambia. Akasema ataiwasha kwanza, Mzee aanze kuwatukana warushaji, halafu humohumo atajipenyeza.

Nyumba imekuwa kubwa. Niandikie amefikaje.

Hortensia


Placer Bonito
24 Septemba 1989

Mama Hortensia,

Barua zetu zilipishana njiani. Ya kwako ilifika siku sita baada ya Anselmo, na ya kwangu najua umeipata, kwa sababu hujaandika tena.

Alishuka pale kona na lile boksi begani. Watu dukani kwa Chicho walimwona, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, naye akadhani wanamwonea haya kwa kuwa wamejua ameachwa. Akapita amewainamishia kichwa. Mimi nilikuwa mlangoni nimevaa nyeusi. Aliniangalia nguo, akaniangalia uso, akasema, "Mzee amelala?" Kama mtoto. Nilimshika mkono, naye akaliweka boksi chini taratibu, pembeni, lisije likagongwa.

Siku ile hakuuliza mengi. Siku ya pili akataka kujua yote, na mimi sikujua la kuficha, nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe. Viatu, herufi kubwa, kiapo. Nikafikiri itamfariji. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia, "Mama, mimi nilikuwa huru. Nilikuwa shambani. Nilikuwa na tiketi." Ndipo nikajua nilichomwambia. Nilikaa chini palepale sakafuni, naye akakaa na mimi.

Nimejaribu kukukasirikia, sitakudanganya. Kuna usiku nilikukasirikia mpaka asubuhi. Lakini herufi kubwa nilikuomba mimi. Namba aliiomba Anselmo. Na kumkataza asiitwe, alikataza Nereo mwenyewe, akiwa anacheka. Nikitafuta wa kumlaumu nawakuta watu wote ninaowapenda, na wewe umo. Sijui nifanye nini na hilo. Kwa sasa napika.

Redio bado iko kwenye boksi. Anselmo amepata kazi kiwandani, kwenye mzani, mahali pa baba yake. Anaondoa sahani yake mezani bila kusukumwa.

Usiache kuandika. Ila uandike lililopo.

Eduvigis

Maneno ya Anselmo: Mama Hortensia, orodha ya mwisho wa msimu itakuwa imeshatoka, na huku gazeti hilo haliuzwi. Tafadhali niangalizie Leocadio ni wa ngapi. Nipe namba yenyewe. Jumapili ni zamu yangu kwenda makaburini, na Mzee hajawahi kuniacha nikae kabla hajaniuliza.